Mji Uliojua Kusema Umerudi

Watu wa Amu, kisiwani kwetu, wakisikia kwamba nimekaa Japani mwaka mzima, huniuliza habari za majumba marefu na treni zinazokwenda mbio hata macho hayazioni. Mimi huwaambia kwamba mji wangu ulikuwa na treni ya behewa moja, na dereva wake akimwona bibi anakuja mbio na kikapu, humngoja. Hapo huwaona wanavyonyong'onyea. Jirani yangu mmoja alinitazama kwa huruma akasema, "Basi wewe hukupelekwa Japani yenyewe." Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nakunywa kahawa yake.

Lakini nataka kuusimulia mji huo kabla sijazeeka nikaanza kuuchanganya na mingine, maana umenirudishia mama yangu. Sisemi kwa mafumbo. Mwaka jana mama yangu mzazi alipotea hapa Amu, na lililomrudisha ndani ya nyumba yake ni jambo nililojifunza kule, kwenye benchi la duka la tofu.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba za kale zinazotaka kutengenezwa: boriti ipi imeliwa na mchwa, ukuta upi wa kubomoa na upi wa kuombea dua. Ndiyo iliyonipeleka. Mji ule nao una nyumba za kale, ila zao ni za mbao, na adui yao si mchwa peke yake bali pia theluji, ambayo hukaa juu ya paa mpaka boriti zikalia. Nilikwenda kusoma namna wanavyozitunza. Nilimwacha mama na mdogo wangu, na mama akanipa dua, chupa ya achari na onyo kwamba nisije nikala chochote kisichojulikana kilikuwa nani.

Mji umekaa kati ya bahari na milima, na nafasi baina yake ni ndogo sana. Asubuhi jua hutoka milimani, jioni huzama baharini, na katikati mna mto mmoja, daraja jekundu, na vichochoro vyembamba vyenye mifereji ya maji pembeni. Vichochoro vile nilivipenda siku ya kwanza. Vilikuwa na paka, harufu ya samaki wa kuchoma, na vizee waliosimama katikati ya njia wakizungumza mpaka mtu ashindwe kupita. Kilichokosekana ni punda tu, na mavi yake sikuyakumbuka hata kidogo.

Barabara kuu, lakini, ilinitia simanzi. Nusu ya maduka yalikuwa yameshusha milango ya chuma na hayafunguliwi tena. Vijana walikwenda miji mikubwa, kama wetu wanavyokwenda Mombasa na Nairobi, ila wetu hurudi Maulidi na Idi wakajaza nyumba, na wa kule nyumba hubaki na mzee mmoja na televisheni. Nje ya mji kuna mashamba ya mpunga yaliyopangwa kwa ngazi mpaka kwenye msitu, na ndani ya milima kuna vijiji ambavyo vimebaki majina. Pwani kuna vijiji vya wavuvi vidogo kama Ndau ya kwetu, nyumba zimeshikana mikono, nyavu zimeanikwa mbele ya milango. Nilipopelekwa huko mara ya kwanza nilikaa juu ya ukuta wa gati, nikalia kidogo, nikajifuta, nikarudi kazini.

Sasa niseme habari za vipaza sauti. Katika kila mtaa wa mji ule kuna mlingoti, na juu yake vipaza sauti vinavyotazama pande zote. Kila siku saa kumi na moja jioni hupigwa wimbo mfupi, taratibu, wa kuwaambia watoto waache kucheza warudi nyumbani. Watoto wenyewe wamebaki wachache. Waliokuwa wakiinuka kwenye mabenchi na kujikokota nyumbani wimbo ukilia ni wazee. Mimi niliyezoea adhana kutoka misikiti mingi kwa pamoja, mmoja unaanza mwingine unadakia, niliufanya wimbo ule saa yangu, na mpaka leo ikifika saa kumi na moja huusikia kichwani.

Shida ilikuwa siku kipaza sauti kinapolia wakati usio wake. Mwana wa Amu anajua maana yake. Kipaza sauti cha msikiti kikikoroma na si saa ya sala, ulimwengu husimama: mwenye kukuna nazi huacha, mwenye kugombana hunyamaza, kila mtu hutega sikio ajue ni nani aliyetangulia mbele ya haki na maziko ni lini. Basi wiki yangu ya pili kule, asubuhi tuko darasani, kipaza sauti kikakoroma na sauti ya mwanamume ikasema maneno polepole, kwa huzuni, ikirudiarudia. Nikaweka kalamu chini. Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Nikamgeukia mwalimu wangu, nikamuuliza kwa Kijapani changu cha kuokoteza ni nani aliyefariki.

Mwalimu alinitazama sana. Akaniambia hakuna aliyefariki, ni dubu ameonekana karibu na shule ya msingi, watu wasipite njia ya nyuma.

Nilikuwa nimemrehemu dubu. Habari zikaenea, maana mji mdogo ni mji mdogo popote ulipo, na nikawa najulikana kama yule mgeni mwenye mtandio aliyemsikitikia dubu. Nilipompigia simu mama nikamsimulia, alicheka mpaka mdogo wangu akamnyang'anya simu akidhani amepaliwa.

Karibu na chumba nilichopanga palikuwa na duka la tofu. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, meupe, laini, na kwangu yalikuwa salama kwa lile onyo la mama. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa rika langu. Mumewe alifanya kazi mji mkubwa, akirudi mwisho wa wiki, na yeye aliendesha duka na kumtunza baba mkwe wake, ambaye ndiye aliyekuwa mtengeneza tofu kabla akili haijaanza kumponyoka. Mzee alikuwa akikaa kwenye benchi nje ya duka, mikono magotini, akitazama njia.

Siku ya kwanza nilipopita jioni mzee aliniinamia kichwa, akaniambia, "Okaeri." Sikulijua neno hilo. Nikamjibu, "Alhamdulillahi," kwa kuwa ndilo jibu lisiloharibu kitu. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu mkaza mwanawe, yule mwenye duka, alitoka na aproni yake imelowa akanifundisha. Okaeri maana yake ni "umerudi", na huambiwa mtu anayeingia nyumbani kwake. Jibu lake ni "tadaima", yaani "nimerudi". Watu wa mtaa ule waliwaambia hivyo watoto wa shule wanaopita, hata wasio wao, na mzee alikuwa ameshaniingiza mimi katika hesabu ya watoto wa mtaa.

Nililitafakari sana neno lile. Sisi tuna ukarimu unaojulikana, hodi na karibu hazitutoki kinywani, lakini "karibu" ni ya mgeni. Mwenyewe akirudi kwake twamwambia nini? Twamuuliza, "Ushakuya?" yaani umeshakuja, naye amesimama mbele yetu, tunamwona. Basi nikawa napita pale kila jioni kwa makusudi hata siku nisiyotaka tofu. Mzee akiniambia umerudi, nami nikimwambia nimerudi, upweke nilioubeba tangu uwanja wa ndege wa Manda ulipungua. Namshukuru mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Mkaza mwanawe naye hakuwa mtu wa kusahaulika. Milimani kuna chemchemi za maji moto, na watu wa kule huoga pamoja, wanawake kwa wanawake, bila hata kanga. Alinialika. Nilimweleza kwamba kwetu hata mama mzazi hajaniona hivyo tangu nilipoota meno ya utu uzima. Hakucheka. Wiki iliyofuata alinipeleka kwenye bafu dogo la mlimani linalokodishwa na familia moja, akanifungulia mlango, akakaa nje kwenye baridi kunilindia mpaka nilipotoka, mwekundu kama kamba wa kuchemshwa.

Ikafika majira ya kuvuna mpunga. Miti ya kule ilikuwa imejaa tunda lao moja la rangi ya chungwa, umbo kama tungule, tamu sana likiiva na chungu la kukausha ulimi kabla halijaiva. Jioni hiyo nilikuwa nimeinjika tofu kwa tui la kopo na pilipili, na wali pembeni, kipaza sauti kikakoroma. Haikuwa saa yake. Nikasema moyoni ni dubu tena. Lakini sauti ilitaja mtaa wetu. Ikataja mwanamume, umri wake zaidi ya miaka themanini, na jina la ukoo lililoandikwa juu ya duka la tofu.

Jina, umri na mtaa, kwenye kipaza sauti. Mniambie, mtu wa Amu angeelewa nini?

Nilikaa chini jikoni nikalia. Kisha nikafanya ambavyo mama angefanya: nikavaa buibui, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikaenda msibani. Kwetu msiba hauendewi mikono mitupu, na wenye kufiwa hawawashi moto.

Nilifika nikakuta mlango haukufungwa, taa inawaka, na ndani hamna mtu. Niliita hodi kwa Kijapani, kimya. Nikasimama nimeshangaa. Matanga gani haya yasiyo na watu? Hata jamvi halikutandikwa. Nilikasirika hasa, nasema kweli. Nilisema peke yangu, kwa sauti, "Kumbe watu hawa wazuri wote hawa, lakini maiti hawajui kumkalia." Basi nikaamua kumkalia mimi. Nikaketi kwenye benchi lake, sufuria mapajani, nikaanza kumsomea ninavyojua, Mungu atajua mwenyewe pa kuiweka dua yangu.

Wimbo wa saa kumi na moja ukapigwa, baridi ikaanza kushuka kutoka milimani, nami bado nimekaa. Ndipo nikamwona anakuja kwa kile kijia kitokacho mashambani. Marehemu. Matope mpaka magotini, kiatu kimoja hakipo, mkononi ameshika tunda moja. Nilisoma Ayatul Kursiyu kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia tena. Yeye akaja taratibu mpaka mbele yangu, akasimama, akatazama mlango uliokuwa wazi, akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hana hakika.

Akasema, "Tadaima."

Ulimi wangu ukajibu wenyewe, kwa mazoea ya jioni zote zile: "Okaeri."

Uso ukafunguka. Akavua kile kiatu kimoja, akaketi pembeni yangu, akanusa sufuria. Nilimgusa mkono, ulikuwa baridi, lakini wa mtu hai. Nikamvika mtandio wangu wa sufu, nikampakulia. Tulikuwa tunakula wali kwa tofu ya nazi, yeye akihema kwa pilipili na kutaka tena, mkaza mwanawe alipotokea kwenye kona na wazima moto wa kujitolea wa mtaa, na tochi zao. Alipiga magoti palepale njiani, aproni bado iko mwilini, akalia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumwona Mjapani akilia hivyo.

Mzee alikuwa amekwenda kutafuta kijiji alichozaliwa, kimoja katika vile vya mlimani vilivyobaki majina. Mkaza mwana alinieleza tukinywa chai. Kipaza sauti kilikuwa kimetangaza kwamba amepotea, wala si kwamba amefariki. Mtaa mzima ulitoka kumtafuta. Akaniambia kwamba mara ya kwanza alipopotea, wakati wa theluji, walitoka wote vivyo hivyo, na kumbe mzee aliifikia nyumba mwenyewe. Akafungua mlango, akasema nimerudi, pasiwe na wa kumjibu. Akaona hapa si kwake. Akaondoka tena, na walimpata karibu na mto akiwa amebakisha pumzi. "Leo pia nilisahau," akaniambia. "Nilikimbia tu. Hakuna aliyebaki ili yeye apate pa kurudi."

Sikuweza kumficha. Nikamwambia mimi sikubaki kwa akili, mimi nilikuja matangani. Ilimchukua muda kunielewa, kisha alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomsimulia mzee, yeye aliuliza kama chakula kile ndicho kilichopikwa kwa ajili ya mazishi yake. Nikasema ndicho. Akasema kama ni kitamu hivi, basi hana haja ya kuahirisha kufa. Na tangu siku ile, kila nikipita, baada ya kuniambia umerudi, aliniuliza kama leo amekufa au bado.

Alipokufa kweli nilikuwa nimesharejea nyumbani. Mkaza mwanawe alinipigia simu, nami nikaenda msikitini nikakaa kitambo. Sikujua niombe nini kwa mtu kama yule, basi nilishukuru tu.

Sasa mama. Mama alizaliwa Pate, kisiwa cha jirani, akaletwa Amu kuolewa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuisema Pate ila kwa tumbaku yake na kwa kaburi la mamake. Akili ilipoanza kumchezea ndipo Pate iliporudi. Akawa anauliza chombo cha Pate kinaondoka saa ngapi, kana kwamba anangojwa. Tulikuwa tukimchunga, mdogo wangu na mimi, kwa zamu. Asubuhi moja mdogo wangu aliingia kuoga, mimi niko juu darini nafungua dirisha, tukashuka tukakuta mlango wa njia uko wazi na kiti cha mama kitupu.

Tulitafuta mitaa ya karibu. Hayupo. Nilimkimbilia mwadhini wetu, nikamwomba amtangaze. Akasita. "Bi, watu watajua ni maziko," akaniambia. "Kipaza hiki wamekizoea kwa hilo." Nikamwambia na wajue watakalo, bora watoke. Akatangaza vizuri, maskini: jina, nguo aliyovaa, kwamba yu hai na amepotea. Lakini Amu ni Amu. Hawakungoja neno la pili. Kabla hajamaliza kulirudia, jirani yangu wa kahawa, yule yule, alikuwa ameshafika na birika na mkeka kwapani, anasema poleni, poleni, Mungu ampe kauli thabiti. Ningelikuwa na nafasi ya kucheka ningelicheka.

Alipoelewa, aliuacha mkeka akatoka mbio, na mtaa wote nyuma yake. Wengi walielekea gatini, maana kila mtu alijua habari ya chombo cha Pate. Mabaharia wa Ras Kitau, ng'ambo, wakaambiwa watazame maji. Moyo wangu ulikuwa gatini, kwenye zile ngazi zenye utelezi ambazo hata mimi huzishuka kwa bismillahi. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nikajishika, nikaketi dakani, kwenye baraza la mlango, mlango wazi nyuma yangu.

Mdogo wangu alirudi mara moja kuchukua simu, akanikuta. "Watu wote wako ndiani, na wewe umeketi kitako?" akanipigia kelele. "Mama akianguka mayini utasema nini?" Ningemwelezaje habari za mzee wa tofu? Nilimwambia tu, "Nenda, mimi nabaki." Aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau, akaenda. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu, na kila dakika ilinionyesha kwamba mimi ni mpumbavu.

Watu walikuwa wakimtafuta upande wa bahari. Mama akaja kwa upande wa nyuma, kwa kichochoro cha nyuma ya msikiti, anapapasa ukuta kwa kiganja, na buibui limejaa vumbi la chokaa. Baadaye tulisikia kwamba alifika gatini mapema, akaambiwa chombo kimeshaondoka, akageuka zake. Alipofika mlangoni kwetu akasimama. Alitazama nakshi za mlango alioufungua na kuufunga tangu ubibi harusi wake, kisha akanitazama mimi, kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu usiyemjua.

"Hodi," akasema. "Wenyewe mpo?"

Neno la kumjibu lilikuwa limeshafika ulimini, "karibu", nikalimeza. Ningemkaribisha angekuwa mgeni, na mgeni hunywa kahawa akaondoka.

"Umerudi, mama," nikamwambia.

Akasimama vile vile. Nikaona midomo yake inalionja neno. Kisha akavua viatu vyake, kimoja, kingine, akaviweka mahali pake chini ya baraza, pale anapoviweka siku zote, akanipita.

"Nimerudi," akasema. "Mumepika nini?"